Shajara ya mradi: nyaya mpya nyuma ya paneli za kabini

Boti ni ya faiba, urefu mita 8, injini ya petroli iliyo ndani, umeme wa volti 12. Kazi ni kung'oa nyaya zote za kabini na kuvuta mpya nyuma ya paneli, kuanzia betri hadi omo (mbele ya boti). Nyaya za injini haziguswi. Umeme mkubwa wa kuchomeka ukiwa gatini nao haumo humu. Ule una njia yake na haupaswi kulala kwenye bomba moja na huu wa betri.

Kilichoanzisha yote ni taa za kabini kufifia kila pampu ya kufua (kutoa) maji yaliyoingia botini inapoamka. Naandika kadiri kila hatua inavyoisha. Palipokwenda sawa nitapapita haraka, palipokwama nitakaa.

Januari 12: kufungua

Kabla ya bisibisi, feni ya kufukuza mvuke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujilaza ngamani (chini kabisa ndani ya boti), na ngamani ndiko kichwa cha mfuatilia waya kinakoishia. Feni ilipomaliza kazi, nikatoa kichwa cha hasi cha betri, kisha chanya, nikavifunga vyote viwili kwa tepu.

Paneli ni plaiwudi iliyovalishwa vinaili. Skrubu zimejificha chini ya vifuniko vidogo vya plastiki, na zile za juu chini ya ukanda wa pembeni. Zilitoka bila ugomvi, isipokuwa ya kulia karibu na omo. Hiyo ilibaki ukutani hata baada ya skrubu zote kutoka, kwa sababu mtu aliwahi kuibandika kwa silikoni. Patasi ingeibomoa kingo. Dawa ilikuwa mshipi mnene wa kuvulia, ukishikwa ncha mbili na kuvutwa huku na huku nyuma ya paneli mpaka ukaikata silikoni yote. Mikono inauma, paneli inabaki nzima.

Kila paneli ilipigwa picha kabla na baada, na skrubu zake zikatiwa kwenye mfuko wenye jina la paneli hiyo. Skrubu hazikuwa na urefu mmoja, jambo ambalo lilikuja kuwa na maana mwishoni.

Nyuma ya paneli kulikuwa na mambo manne:

Nyaya zilizogusana na povu jeupe la polistirini zilikuwa zimekakamaa, zikikunjwa ganda linapasuka, na povu lenyewe limekuwa na utelezi mahali pale. PVC, plastiki ya ganda la waya, hulainishwa kwa kemikali maalumu, na polistirini huifyonza kemikali hiyo taratibu. Vitu hivi viwili havitakiwi kugusana.

Viungo vya kusokota na kufunga tepu, vingine vikiwa vimelala nyuma ya paneli ambayo haifunguki bila kung'oa kabati.

Matundu ya kiambaza (ukuta wa ndani wa boti) yaliyozibwa kwa silikoni inayonuka siki. Asidi yake hula shaba, na nyaya zote zilizopita hapo zilikuwa za kijani.

Na hili la nne ndilo lililonitoa jasho: waya mwekundu umetoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri, hauna fyuzi popote, ukapita juu ya bomba la petroli kuelekea soketi ya kuchajia simu.

Januari 14: kupima kabla ya kuhukumu

Nilirudisha betri kwa muda ili nijue ugonjwa hasa uko wapi, baada ya kuukata ule waya usio na fyuzi.

Betri: volti 12.6. Kwenye waya wa pampu, pampu ikiwa haijaunganishwa: 12.5. Anayeishia hapo atasema waya ni mzima. Pampu ikiunganishwa na kuzunguka: 10.6. Volti mbili zimepotelea njiani.

Ndiyo maana kipimo kisicho na mzigo hakifai kitu. Multimeta yenyewe haivuti mkondo wa maana, hivyo hata waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti kamili. Pima kifaa kikiwa kinafanya kazi, la sivyo usipime.

Nikakata waya wa pampu ili nifike kwenye shaba safi. Nyeusi. Nikarudi nyuma kiganja kimoja, nyeusi. Nusu mita nyuma, bado nyeusi. Ulikuwa waya wa shaba tupu, usiopakwa bati, na unyevu wa chumvi ukiingia mwishoni mwa waya husafiri ndani ya ganda kati ya nyuzi. Shaba nyeusi haishiki bati la kulehemu, na lagi (kichwa cha chuma kinachobanwa mwishoni mwa waya) ukiibana juu yake inashika kutu. Hapo wazo la kurekebisha "palipoharibika tu" likafa. Zote zinatoka.

Taa kufifia nako kukaeleweka: taa na pampu zilikuwa zinatumia waya mmoja mwembamba wa hasi kurudi kwenye betri. Pampu ikivuta, taa zinakosa.

Januari 20: hesabu na mchoro

Kanuni niliyoamua kuifuata katika kila uamuzi: nyuma ya paneli kunapita waya mzima tu. Kiungo chochote lazima kiwe mahali ninapoweza kukigusa bila kung'oa samani. Kanuni hiyo imeongeza mita za waya na imenilazimisha kuongeza vifuniko viwili vya kufunguka, lakini bila hiyo nyaya mpya zingekuwa nyaya za zamani zinazosubiri umri.

Unene wa waya unatafutwa kwa upotevu wa volti. Kanuni za ABYC, baraza la Marekani la viwango vya boti, zinataka upotevu usizidi asilimia 3 kwa vitu vya usalama, mfano taa za safari, feni ya kufukuza mvuke na waya mkuu wa kwenda ubao wa swichi, na asilimia 10 kwa vile ambavyo vikififia hakuna anayeumia. Hesabu ni fupi:

upotevu = ampea × urefu wa kwenda na kurudi (mita) × 0.0175 ÷ unene wa shaba (milimita za mraba)

Pampu yangu inavuta ampea 5, na kutoka betri hadi ilipo ni mita 7, yaani mita 14 kwenda na kurudi. Waya wa 2.5 unapoteza volti 0.49, zaidi ya asilimia 4. Waya wa 4 unapoteza 0.31, asilimia 2.6. Nikachukua wa 4. Wengi husahau kurudi. Wanapima mita 7, wanapata jibu zuri, na pampu inazunguka kwa uvivu.

Redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini) hupokea kwa mkondo mdogo sana, lakini ikirusha kwa wati 25 inavuta kama ampea 6. Mita 4 kwenda, 2.5 inaingia kwenye asilimia 3 kwa tabu (2.8), nikaipa wa 4 nayo. Waya mkuu, ampea 40 kwa mita 3, unadai milimita 11.7, saizi inayofuata ni 16. Taa za LED zingeweza kuishi na waya mwembamba kabisa, ila waya mwembamba hukatika ukivutwa na kutikiswa, kwa hiyo sikushuka chini ya 1.5.

Waya wote ni shaba ya nyuzi nyingi iliyopakwa bati. Waya wa nyumba wenye shaba nzima moja haufai botini hata kidogo. Mtetemo wa injini huuchosha ukakatika mahali unapobanwa.

Rangi: nyekundu ni chanya, njano ni hasi. Nyeusi nimeikwepa kwa makusudi, kwa sababu kwenye mifumo mingine nyeusi ni waya wa moto wa umeme mkubwa, na siku mtu mwingine atakapofungua paneli hii sitakuwepo kumweleza.

Februari 1: njia

Hatua hii imekula muda kuliko kuvuta waya kwenyewe.

Jaribio la kwanza lilikuwa lile linalosimuliwa na kila mtu: funga waya mpya kwenye mkia wa waya wa zamani, vuta upande wa pili. Kwenye paneli mbili lilikubali. Kwenye ubavu wa kushoto waya wa zamani ulikatikia ndani ya povu, nikabaki na kipande mkononi na kingine kisichojulikana kilipo. Njia hiyo inafaa tu pale unapoweza kuusogeza waya wa zamani mbele na nyuma kwa mkono kabla ya kuanza. Usiposogea, ama umebanwa, ama umezamishwa kwenye faiba, na kuuvuta kwa nguvu ni kuuchagulia mahali pa kukatikia.

Jaribio la pili ni utepe wa chuma wa mafundi wa majumbani. Ncha yake ilinasa kwenye ubao wa ubavuni na ilipojinasua ikachupa kuelekea betri. Vichwa vya betri vilikuwa vimefunikwa, hakikutokea kitu, lakini utepe wa chuma umerudi nyumbani. Badala yake natumia fimbo nyembamba za faiba zinazoungana kwa hesi.

Kwenye nguzo ya pembeni, ambapo waya unashuka wima kutoka darini, fimbo haikupinda. Kilichofaa ni mkufu mwembamba wa chuma ulioning'inizwa kwenye uzi: unashuka kwa uzito wake, na sumaku chini inaukamata. Mkufu ukakwama katikati mpaka kamera ndogo ya mrija inayochomekwa kwenye simu ilipoonyesha kipande cha povu kimeziba. Fimbo ikakisukuma, mkufu ukapita.

Konduti, yaani bomba la plastiki la kupitishia nyaya. Nilianza na ile yenye mikunjo mikunjo kwa kuwa inapinda kirahisi kufuata ubavu wa boti. Haikufaa kwa sababu mbili. Ncha za nyaya zinanasa kwenye mikunjo wakati wa kuvuta, na ikikaa pasipo na mhimili inalegea na kufanya tumbo. Tumbo hukusanya maji ya umande ambayo hayana pa kutokea. Nyuma ya paneli kuna umande kila usiku, faiba ikiwa baridi na kabini ikiwa na joto. Nimeitoa yote na kuweka konduti laini ya milimita 25, yenye tundu dogo chini kabisa pa kila mteremko.

Ujazo nao unahesabika. Konduti ya 25 ndani ina kama milimita 21, na nyaya zisichukue zaidi ya asilimia 40 ya nafasi hiyo. Waya wa 4 pamoja na ganda lake una kipenyo cha milimita 4.5 hivi, kwa hiyo zinaingia nane. Zikizidi hapo unavuta kwa mabega.

Kutoboa: kati ya paneli na ngozi ya nje ya boti kuna mahali ambapo nafasi haifiki vidole viwili. Keekee ilifungwa pete ya kuzuia kina kwenye kila tundu, na sikutoboa popote kabla ya kupapasa au kuona kwa kamera upande wa pili. Hakuna tundu lililotobolewa ngamani wala chini ya mstari wa maji.

Mahali pa kuangalia sana ni kiambaza kati ya chumba cha injini na kabini. Konduti ikipita pale wazi, umejenga bomba la kupeleka mvuke wa petroli na moshi wa injini kwa watu waliolala. Monoksidi ya kaboni haina harufu. Konduti imekatwa pande zote mbili za kiambaza, nyaya zinapita kwenye kipitishio chenye mpira unaobana, na kilichobaki kimezibwa kwa poliuretani. Silikoni ya siki haijaingia kwenye mradi huu.

Februari 9: vibandiko vimeanguka

Kanuni zinataka waya usio ndani ya konduti ushikwe kila sentimita 45. Nilipanga vibandiko vya plastiki vyenye gundi mgongoni na tai za plastiki. Kila kimoja kilishika vizuri siku ya kubandika. Baada ya jua kali kadhaa kupiga paa la kabini, vilikuwa vimelala chini, vingine vikiwa na waya bado.

Upande wa ndani wa faiba si laini, na mara nyingi una nta ya rangi ya mwisho. Gundi ya kubandika haipati pa kushika, na joto linamalizia. Badala yake: vipande vidogo vya mbao ngumu vilivyolowekwa epoksi, faiba imepigwa msasa namba 80 mpaka ikakwaruzika, ikafutwa kwa asetoni, vipande vikabandikwa kwa epoksi nzito. Waya unashikwa kwa kibano cha plastiki na skrubu fupi ndani ya mbao. Hakuna skrubu inayogusa ngozi ya boti.

Vibandiko vyote hivyo ni hasara. Kwa bei ya kimoja kimoja si kitu. Kwa pamoja vingetosha silivu (mirija ya plastiki inayosinyaa ikipashwa moto) za mradi mzima.

Februari 16: kuvuta

Fupi, maana njia ilikuwa tayari. Watu wawili: mdogo wangu anasukuma kutoka ubao wa swichi, mimi navuta omoni, na hakuna anayefanya lolote kabla mwenzake hajasema.

La kuzingatia ni kuvuta nyaya zote za konduti moja kwa pamoja. Tulijaribu kuongeza waya mmoja kwenye konduti yenye nyaya tayari, na uzi wa nailoni wa kuvutia ukakata ganda la waya uliotangulia, mstari mwembamba ulioonekana tu ulipotoka nje. Waya huo umebadilishwa. Kwa nyaya za baadaye imeachwa kamba ya pamba laini ndani ya kila konduti, na sheria kwamba anayeitumia anavuta na nyingine nyuma yake.

Vilainishi: maji ya sabuni yanateleza vizuri lakini yanaacha chumvi na unyevu ndani. Grisi na mafuta ya petroli yanadhuru ganda la PVC. Poda ya talki imetosha.

Kila waya una namba pande zote mbili, chini ya silivu ya plastiki angavu. Namba ya kalamu kwenye tepu hufutika ndani ya msimu mmoja.

Februari 23: lagi

Nilianza na koleo la bei nafuu lisilo na meno ya kufungia, lile linalobana kwa nguvu ya mkono wako. Lagi za bluu kwenye waya wa 2.5 zilionekana safi. Kipimo changu ni ndoo: lagi inafungwa kwenye ndoano, waya unabeba ndoo ya maji kilo 14, dakika moja. Lagi kadhaa zikaachia ndoo, na nyingine waya ukateleza kidogo bila kutoka kabisa. Hizo za kuteleza ndizo mbaya, kwa sababu mkononi zinahisi imara.

Koleo lenye meno haliachii mpaka limebana hadi mwisho, na lina mahali pawili: pa shaba na pa ganda. Kwa koleo hilo hakuna lagi iliyoachia ndoo. Zote za mwanzo zimekatwa, na hapo ndipo urefu wa ziada niliouacha kila mwisho wa waya ulipolipa.

Saizi ya lagi ifuate waya: nyekundu hadi 1.5, bluu hadi 2.5, njano kwa 4 na 6. Kukunja waya mwembamba mara mbili ili ujaze lagi kubwa ni ujanja uliokutwa nyuma ya paneli hizi, na haukushika.

Kuhusu kulehemu, najua kuna mafundi hodari wanaoapa kwa bati. Tatizo si umeme. Bati hupanda ndani ya nyuzi na kugeuza waya laini kuwa kijiti kigumu, na pale ugumu unapoishia ndipo mtetemo unapokatia. Kiungo kikipata moto, bati linayeyuka. Kubana kisha kufunika kwa silivu yenye gundi ndani kunatosha.

Silivu ipashwe mpaka gundi itokeze pembeni. Isipotokeza, maji yana mlango.

Machi 1: kiungo cha moto

Nyaya zote zimefika kwenye baa ya hasi (kipande cha chuma kinachokusanya nyaya zote za hasi) na ubao wa swichi. Fyuzi kuu ya ampea 50 iko ndani ya sentimita 18 kutoka betri, na kila saketi ina fyuzi yake kulingana na unene wa waya. Fyuzi inalinda waya. Kifaa kina ulinzi wake.

Kila kitu kikawashwa kwa pamoja, na baada ya robo saa nikapitisha mgongo wa mkono kwenye viungo. Kimoja kilikuwa cha moto: pale waya wa 16 unapoingia kwenye baa. Multimeta kwenye milivolti, ncha moja juu ya lagi na nyingine juu ya baa, ikasoma 90. Viungo vingine vilikuwa chini ya 10.

Lagi yenyewe ilikuwa nzima. Shida ilikuwa washa (pete bapa ya nati) ya chuma cha pua iliyokaa kati ya lagi na baa. Chuma cha pua kinapinga mkondo takriban mara 40 kuliko shaba, na washa nyembamba iliyopinda inagusa kwa ukingo tu. Mpangilio sahihi ni baa, kisha lagi, kisha washa, kisha nati. Washa ilipohamishwa juu, kipimo kikashuka hadi milivolti 6 na kiungo kikapoa. Wakati huo huo nilipunguza lagi kwenye skrubu moja ya baa. Nne ndizo za mwisho, na kubwa inakaa chini.

Machi 8: pampu, redio na dira

Swichi ya boya ya pampu inapata umeme wake moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi yake, bila kupita kwenye swichi kuu. Boti iliyofungwa na kuachwa ndiyo inayohitaji pampu kuliko inayosafiri. Viungo vya boya vimepandishwa juu ya maji yanakoweza kufika, na waya unashuka kwanza chini ya kiungo kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke badala ya kuingia. Ndoo za maji zikamiminwa ngamani, boya likainuka, pampu ikafua, ikazima. Taa hazikufifia.

Redio ndiyo ilitoa matata. Taa za kabini zikiwaka, redio inatoa mvumo na stesheni za mbali zinapotea. Ili kulijua hili fungua kizuia-kelele cha redio kwenye chaneli tulivu, kisha washa saketi moja baada ya nyingine na kusikiliza. Mvumo ulikuja na taa mbili tu za LED kati ya zote. Kidhibiti kilicho ndani ya taa za aina hiyo hukata mkondo kwa kasi kubwa na kurusha kelele, na waya wake ulikuwa umelala sambamba na kebo ya antena kwa zaidi ya mita. Kebo ya antena ikahamishiwa upande wa pili, na pale zinapokutana zinakatana kwa pembe mraba. Mvumo ulipungua bila kuisha. Pete za feraiti, za kuzuia kelele, kwenye nyaya za taa zilisaidia kidogo. Mwisho zile taa mbili zimebadilishwa kwa za aina ile ile ya nyingine zisizo na kelele, jambo ambalo ningelipendekeza liwe la kwanza kwa mwingine, kabla ya kuhamisha kebo yoyote.

Dira: waipa ikiwashwa, sindano inahama digrii 4. Waya wa chanya na wa hasi wa waipa ulipita nyuma ya dira ukiwa mbalimbali. Zikisokotwa pamoja, sumaku ya moja inafuta ya nyingine. Zimesokotwa, sindano imetulia.

Machi 15: kufunga

Paneli zilirudi, na saketi ya taa ikalipua fyuzi papo hapo. Fyuzi mpya, ikalipuka tena. Paneli zikafunguliwa moja moja huku multimeta ikilia kati ya chanya na hasi. Ilinyamaza skrubu moja ya chini kushoto ilipotoka. Ilikuwa ya milimita 30 mahali pa 20, imepenya konduti na kugusa nyaya mbili. Mifuko ilitunza skrubu kwa paneli, si kwa tundu.

Nyaya hizo mbili zimevutwa upya kwa kutumia kamba ya pamba. Skrubu zote za paneli sasa ni za milimita 20, na njia ya kila konduti imechorwa kwa rangi mgongoni mwa paneli pamoja na picha yenye vipimo kutoka sakafuni, iliyobandikwa ndani ya mlango wa ubao wa swichi. Povu limekatwa lisiguse waya popote palipo nje ya konduti. Vifuniko viwili vinavyofunguka kwa mkono vimewekwa: kimoja nyuma ya kitanda cha omo, kingine chini ya sinki.

Gharama. Sitaji bei, kwa kuwa hazifanani popote, ila uwiano unafaa. Waya wa shaba iliyopakwa bati umechukua karibu nusu ya pesa yote. Lagi, silivu na fyuzi zimechukua robo, kuliko nilivyotarajia. Koleo lenye meno ndicho kifaa ghali zaidi na ndicho nisingekiacha. Hasara kamili: konduti ya mikunjo, vibandiko, lagi za koleo la kwanza, taa mbili za kelele.

Machi 22: vipimo vya mwisho

Vyote vikiwa na mzigo, betri ikiwa volti 12.5. Pampu: 12.1 ikizunguka, upotevu 0.4. Hesabu ilisema 0.31, tofauti iko kwenye fyuzi, boya na viungo, nami naikubali. Taa ya omo: 12.4. Redio ikirusha: 12.2. Ubao wa swichi na kila kitu kimewashwa: 12.2.

Injini ikizunguka kuna jambo jingine. Kwenye altaneta (jenereta ya injini inayochaji betri) ni volti 14.2, kwenye betri 13.5. Saba ya kumi ya volti inapotelea kwenye waya wa kuchajia ambao haukuwa sehemu ya mradi huu, na betri itakuwa inachajiwa nusunusu. Huo uko chumba cha injini, unadai vifaa visivyotoa cheche, na utapata kichwa chake humu ukianza.